Darubini ya Bei ya Katikati

…na ile ya kahawia ndiyo itakayomuua, nimeijua tangu nilipoigeuzia kivulini nikaona kuvu imeota ndani ya kioo, nyuzi nyeupe nyembamba zimetambaa kutoka pembeni mpaka karibu na kati, juani huzioni, juani kila kitu kinang'aa na ukuta wa musikiti unakuja mpaka puani, lakini asubuhi kule Luama, wakati ukungu umelala juu ya majani na jua bado halijapata nguvu, hii ya kahawia itamuonyesha maziwa matupu, ataweka jicho, ataona maziwa, atasema hakuna kitu, ataingia kwenye majani marefu na kofia yake na soksi zake mpaka magotini, na mbogo iko pale imelala inamungoja, ee Mungu wangu, nipe kuiona siku hiyo, nipe kusimama nyuma yake nimebeba bunduki yake ya pili, kamba yake inase kwenye kidole, nichelewe kumupa, pole Bwana, kamba, pole… "Théophile, unaona?" Naona, Bwana. "Unaona nini?" Ukuta, Bwana, na mbuzi. "Muzuri?" Muzuri sana, Bwana, na jicho silitoi kwenye kioo, maana nikilitoa ataniangalia usoni, na uso wangu leo si wa kuangaliwa na mutu ninayetaka kumuua.

"Tutaona," anasema. Ndilo jina lake hilo, Bwana Tutaona, walimupa wanawake wa pamba kule Wamaza, maana kila neno anajibu hivyo hivyo, Bwana, mizani inatudanganya, tutaona, Bwana, mutoto wangu alikuwa anakufa ndiyo maana sikupalilia, tutaona, halafu anamuangalia kapita, musimamizi wa shamba, kapita anachukua fimbo, na mama wa watu analala chini kwenye vumbi mbele ya wakwe zake, na yeye Tutaona anasimama pale anawasha sigara, si mubaya wa kupiga kelele, hapana, ni mubaya wa kungoja, watu wa kampuni ya pamba ndivyo walivyo, na sasa iko hapa ndani ya duka la Kassimu ananukia sabuni, anashika darubini na kuirudisha mezani, anashika nyingine, kama mwanamuke anayechagua nyanya. Nne zilikuwa mezani. Ile ndefu ya shaba, ya bei kubwa, hiyo ukiitazama tu unajua ni ya watu wakubwa. Ile fupi ya bei ya chini, muchezo wa watoto. Na hizi mbili, ya kijani na ya kahawia. "Hapana ghali, Kassimu, hapana rahisi, miye nataka ya katikati," alisema tulipoingia, halafu akapunguza sauti kama vile mimi ni kiziwi, kama vile mimi ni gunia pale mulangoni, "ni kwa sababu ya ile bahati mbaya, unajua, ile ya Luama, haiwezi kufanyika tena." Bahati mbaya! Weye Tutaona, bahati mbaya yako ilikuwa na jina, iliitwa Hippolyte, ilikuwa na muke anaitwa Anastasie, ilikuwa yaya wangu, mukubwa wangu tumbo moja, ilinibeba mugongoni kuvuka muto wakati mimi sijajua kuogelea, na weye kifua chake ulikifungua kama mutu anavyopasua muhogo, na leo, leo ndiyo unatafuta jicho, umeua kwanza halafu unakuja kununua jicho, na hata hilo jicho, hata kwa kichwa cha Hippolyte, mukono wako haukunyooka kuchukua ile ya shaba. Ya katikati! Basi ndiyo bei ya yaya wangu hiyo, si ghali, si rahisi, na Kassimu na kanzu yake nyeupe anaitika ndiyo Bwana, ndiyo Bwana, hizi zimetoka Usumbura, Bwana, anafuta kioo na pembe ya kanzu, anafuta nje, kuvu iko ndani, futa, Kassimu, futa mpaka kesho.

Walimuleta kwenye blanketi. Mimi nilikuwa Lusangi kwenye shamba la pamba, nikasikia kelele za wanawake zinakuja barabarani kabla sijaona watu, nikajua, sijui nilijuaje lakini nilijua, nikakimbia na jembe mukononi, na Sumaili, rafiki yake wa kuwinda, ndiye alikuwa mbele ameshika mwisho wa muti ulioning'iniza blanketi, begani kwake ngozi imetoka, na blanketi lilikuwa linavuja, tangu Luama mpaka Lusangi lilikuwa bado linavuja, au ilikuwa mvua ile, sijui, nzi wanajua, nilifunua nikaona shimo la mbele dogo, dogo kabisa, nikasema moyoni hili si kitu, hili yaya atapona, nikaweka mukono chini ya mugongo ili nimuinue na mukono wangu ukaingia, ukaingia ndani ya yaya wangu mpaka… futa, usifikiri, Théophile, angalia mbuzi. Anastasie hakulia. Alimurukia Sumaili, alimupiga ngumi za uso, alimuuma sikio, weye ulikuwa wapi, weye ulikuwa naye, weye ulikuwa wapi, na Sumaili hakuinua mukono, damu ya sikio inashuka shingoni, anasema nipige tu, shemeji, nipige. Halafu akachimba kaburi, mutu wa musikiti kabisa, akachimba kaburi chini ya musalaba na hakukubali mutu amupokee jembe, akalia kuliko mimi, mimi sikulia, mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga. Na Bula Matari, serikali ya wazungu, akatuma mutu wake kuuliza, ikawa ukungu, Sumaili akasema ukungu ulikuwa mwingi, Bwana akasema ukungu, mutu wa Bula Matari akasema kumbe ukungu, basi wangeukamata huo ukungu wakautia jela! Anastasie akapewa kitenge na gunia la chumvi, na mimi hapa darubini nimeiegemeza juu ya gunia la chumvi la Kassimu, chumvi ile ile, tumeilia na kila kitu, nyumba nzima, na mimi kila nikiitia mudomoni namuonja yaya. Kazi kwa Tutaona niliiomba mwenyewe. Mama alinishika nguo akasema unakwenda kumubebea bunduki aliyemuua mutoto wangu, wazimu gani huu, ningemujibu nini, mama, ninakwenda kumungojea mbogo? Sasa mpango wa Tutaona uko hivi, Sumaili anatangulia mbele kutafuta nyayo, nafasi ya Hippolyte hiyo, na mimi nasimama kando ya Bwana na darubini na bunduki ya pili, nafasi ya Sumaili ile, kesho kamio, lori ya pamba, inatupeleka mpaka Kabambare, kutoka pale muguu. Na mbogo nimeshaiona kichwani mara nyingi sana kwamba naijua kama ng'ombe wa nyumbani, ni dume, nundu ya pembe imepasuka, iko na risasi ya Tutaona tumboni, ndiyo maana haikimbii, imezunguka imelala karibu na njia yake yenyewe, na yeye anakuja na maziwa yake machoni, anakuja, na pembe inaingia hapa, chini ya mukanda, inapanda juu, na anainuliwa, kofia inaruka, na mbogo haimalizi haraka, hapana, inarudi, inamukanyaga, inapiga magoti juu yake, na mimi nimesimama na ile kamba, na kabla hajafa nataka nimuinamie nimuulize, Bwana, ninyi kwenu munasemaje, bahati mbaya? Nimuulize polepole. Tutaona, Bwana, tutaona.

"Théophile, weye unalala?" Hapana, Bwana, naangalia mbali. Na kweli naangalia mbali, nimeizungusha pete, musikiti umeyeyuka na barabara imekuja, na pale chini kabisa iko kamio, na juu ya mizigo iko Sumaili, anatafuna karanga. Karibu sana. Naona ganda moja limenasa kwenye ndevu. Naona sikio, alama ya meno ya Anastasie bado iko. Kila Ijumaa analeta samaki nyumbani kwa Anastasie, anaweka mulangoni, anakohoa, anaondoka, nikasema huyu anataka mujane, nilimufuata siku moja nikamushika shati nikamuambia ukirudi hapa nitakukata miguu, akasema sawa, Théophile, na Ijumaa iliyofuata akaja, akaweka samaki, akakohoa… "Hii, Bwana, na ile, zote bei moja, lakini ya kahawia ngozi yake muzuri, wallahi," anasema Kassimu, ndiyo, Kassimu, isifie ngozi, nisaidie, na Bwana anasema "Théophile atachagua, yeye ataangalia kila siku, macho yangu siku hizi…" na sigara inanukia karibu na shingo yangu, na mimi nafungua mudomo kusema kahawia, Bwana, liko tayari pale kwenye ulimi, kahawia, na Kassimu anasema, "Ngoja, usikimbilie, umeangalia moja tu sana, chukua ya kijani, piga, Théophile, piga nayo kwanza…"

Kitu kimeanguka. Mukebe wa misumari, nafikiri, misumari inatembea sakafuni, nami nimeshachukua ya kijani, jicho liko ndani yake, sioni duka, naona tu Sumaili, mukubwa, safi, bila maziwa yoyote, na nyuma yangu nasikia Kassimu, "Bwana! Mukono wangu, Bwana, unaniumiza!" na sauti ya Tutaona ambayo sijaisikia hata siku moja, nyembamba, ya mutoto, "Hapana sema ile! Hapana sema piga hapa!" "Nimekosa nini, Bwana?" "Ile neno. Sumaili alisema vile. Kule Luama. Alisema piga. Piga kwanza, Bwana, piga kwanza, alisema mara mingi, karibu na sikio yangu hapa, na miye napiga."

Sumaili. Sumaili alisema piga. Yule pale anatafuna karanga, alisimama kando ya bunduki akaona mutu mbele kwenye ukungu, akaona yaya wangu, akasema piga, akasema mara nyingi, na mimi nimekula samaki yake, nilisema sitakula na njaa ikanishinda nikala, mbwa, mbwa weye, ndiyo maana ulichimba, ndiyo maana hukuinua mukono ulipoumwa, ndiyo maana Ijumaa, unalipa kidogokidogo, unalipa na samaki, ulimutaka muke wake ukasema piga, na muzungu mupumbavu akapiga, na mimi nimepanga pembe yangu kwa tumbo ambalo silo! Na kioo hiki cha kijani, ee, kizuri, kinamuleta, kinamuleta mpaka ningeweza kumutemea mate, anageuka kuchukua karanga nyingine, anageuka ubavu, na jicho langu linashuka lenyewe kutoka shingoni, linatafuta nyuma ya bega, pale chini kidogo ya bega ambapo mutu hapigi kelele, na kidole changu kimejikunja kwenye chuma cha darubini, nakiona, kimejikunja na kinavuta, kinavuta, hakuna bunduki hapa na mimi navuta…

"Lakini Bwana," Kassimu anasema, anahema, anajisugua mukono, nasikia kanzu, "piga njo kuangalia, ndiyo kuangalia." "Nini?" "Kupiga darubini, Bwana. Kwetu njo tunasema vile. Unaweka jicho, unaangalia muzuri, njo umepiga. Miye sasa hivi nimemuambia Théophile apige, amepiga bunduki? Ameangalia." Mutu anapita nje na baiskeli, mnyororo unalia. "Njo kuangalia," anasema Tutaona. "Njo kuangalia, Bwana. Sumaili alikuwa na darubini mukononi?" Usijibu, Bwana. Jibu. Usijibu. "Jumelles," anasema, "jumelles ya zamani. Alikuwa ananipa. Alinipa hapa, kwenye uso. Miye nilimusukuma, alikuwa ananizuia kuona."

Piga kwanza. Angalia kwanza. Angalia kwanza, Bwana, angalia, alisema mara nyingi, karibu na sikio, alimuwekea jumelles usoni, na yule akamusukuma na kiwiko na neno likabaki hewani, piga, na miaka yote anajisifu kwa wazungu wenzake kwamba Kiswahili anakijua kama maji… mimi nasema piga kutwa, wawindaji wote tunasema, Hippolyte alisema, Hippolyte alinifundisha mimi, piga kwanza, mutoto, usiende na macho ya nyumbani, na lile neno lake mwenyewe likatoka mudomoni mwa rafiki yake likaingia kwenye sikio la muzungu likageuka risasi. Na Bula Matari alipouliza, huyu akasema ukungu, kwa sababu angesemaje, angesema mweusi alinipa amri nikaifuata? Bora kufa kuliko hivyo. Na Sumaili akasema ukungu, kwa sababu angesemaje, angesema mimi nilisema piga, mbele ya wale, wangemuuliza mara ya pili? Wangemutundika kamba siku ile ile na Tutaona angerudi kwenye mizani yake. Akanyamaza. Akameza lile neno, mutu muzima, akaja nalo kwa Anastasie, nipige tu, shemeji, na mimi nikamushika shati nikamuambia nitakukata miguu. Alijisikia mwenyewe anasema piga na bunduki ikaitika. Kila Ijumaa anakuja mulangoni, kumbe anakuja kusema, kumbe kile kikohozi… ee Sumaili. Ee ndugu yangu, kwa nini hukusema hata kwangu? Ningekuua, ndiyo maana. Ningekuua kwa jembe lile lile, na sasa hivi tu nimekuua, kidole changu bado kinauma.

Nyuma yangu Tutaona anainama. Anahema puani. Nasikia anaokota misumari, Bwana mukubwa anaokota misumari sakafuni, Kassimu anasema acha, Bwana, mimi nitaokota, acha, na yeye anaokota tu, anairudisha mumoja mumoja kwenye mukebe, na mimi nangoja, kama atasema jina la yaya, sema Hippolyte, sema mara moja tu nikusikie, na kama ataniita, na kama ataniomba, sijui nitafanya nini nikisikia anaomba, nafikiri nitamupasua kichwa na hiki chuma hapa hapa, hasira yangu haikuondoka, msifikiri, imejaa mpaka kwenye meno, ilikuwa na njia moja tu na sasa inagonga kila mahali… anasimama. Magoti yake yanalia. Anawasha sigara, kiberiti cha kwanza kinazima, cha pili kinazima. "Basi," anasema. Basi! "Théophile. Gani? Ya kijani au ya kahawia?" Na sauti imerudi ya mizani.

Kahawia. Bado naweza kusema kahawia. Neno moja tu, na asubuhi kule Luama maziwa, na mbogo… lakini mbele ya mbogo iko nani? Miezi yote hii nimepanga pembe, nimepanga kamba, nimepanga hata maneno ya kumuambia akifa, sikupanga ni nani atakuwa mbele. Sumaili atakuwa mbele. Sumaili atakuwa kitu cheusi ndani ya maziwa, atapanda kwenye kichuguu aangalie, atainua mukono kutuita, na huyu atauliza, ni nyama ya pori? na mimi nitakuwa kando yake, karibu na sikio, na nitasema nini, neno gani nitasema ambalo hataligeuza? Nitanyamaza? Nikinyamaza atapiga. Nitamuwekea kioo usoni atanisukuma. Kabla mbogo haijamupata yeye, yeye atakuwa amewamaliza wote walio mbele, mumoja mumoja, na kila mara itakuwa ukungu, na kila mara chumvi. "Théophile!" Nasikia, Bwana. "Ya kahawia imeoza, Bwana." Ni mimi nimesema, mudomo umesema. "Kuvu iko ndani ya kioo. Asubuhi hautaona muzuri. Asubuhi mutu ataonekana nyama, utaua tena." Tena, nimesema tena, na nimeisema kwa nguvu, Kassimu amevuta pumzi, "Yallah, Théophile, unaniharibia kazi, kuvu gani?" na anaichukua ya kahawia anakwenda nayo mulangoni, kivulini, nasikia anakwaruza kioo kwa ukucha, haitoki. Bwana hakunipiga. Sigara inaungua karibu na shingo yangu. Nikimuua nitamuua na mikono hii, muchana, na watu wote wajue ni nani na ni kwa nini, au sitamuua, sijui, lakini kioo hakitanifanyia kazi hiyo, na Sumaili hatakwenda mbele kwenye ukungu, nitalala njiani kamio inikanyage kwanza. "Basi hii ya kijani," anasema, "hii muzuri? Théophile? Hii muzuri?" na jicho langu bado liko ndani yake, sitaki kulitoa, pale chini Sumaili amekung'uta maganda kwenye nguo, amesimama juu ya mizigo, ameweka mukono juu ya macho anaangalia huku dukani kama tumemaliza, hatuoni, mimi namuona, naona kifungo cha shati kimekatika, naona ngozi, kifua chake kinapanda, kinashuka.